Daraja la Watu Wasio na Kivuli

Binti yangu alianza kunionyesha ile nchi wakati wa likizo ya Aprili, tukichuma majani ya chai. Shamba letu liko upande wa Kabianga, kwa mteremko unaoshuka mpaka mtoni. Sisi ni watu wa majani kidogo, ng'ombe wawili na mahindi ya kula. Shule zikifungwa, watoto wanaingia shambani. Yule wangu mdogo, wa gredi ya kwanza, huwa anabaki nyumbani na kogo, yaani nyanya yake, kwa sababu bado anachuma kila kitu mpaka na vidudu. Lakini huyu mkubwa, aliye na miaka kumi na mbili, anachuma vizuri sana. Majani mawili na kichipukizi, mkono hausubiri jicho. Shida yake ni mdomo.

"Mum," aliniambia asubuhi moja, yeye akiwa mstari wake na mimi mstari wangu, "unajua kuna nchi watu hawana kivuli?"

"Nani amekuambia?"

"Mimi."

Nilimwambia hiyo ni uongo, na uongo ni dhambi hata ukiwa mdogo. Tukachuma mpaka karibu mwisho wa mstari, halafu akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Na kama mwenye anasema anajua ni uongo, na mwenye anasikia anajua ni uongo, sasa nani amedanganywa?"

 Mimi niliokoka nikiwa msichana, lakini kusoma nilisoma nikiwa mama wa watoto, masomo ya jioni, ile tunaita ngumbaru. Nilikaa kwa dawati la watoto magoti yakigonga mbao mpaka nikaweza kujisomea Biblia bila kushikwa mkono. Kwa hivyo naogopa sana maneno. Najua yalivyonigharimu. Sipendi kuyaona yakichezewa. Lakini mvua ilikuwa haijafika, kikapu kilikuwa nusu, na siku ni ndefu kama hakuna mazungumzo.

"Haya, sema," nikamwambia. "Lakini usiache majani nyuma."

Akasema. Hiyo nchi imekatwa katikati na korongo, kama mtu aliyekata mkate akaacha vipande vikiangaliana. Upande huu wanakaa watu wasio na kivuli. Upande ule wanakaa watu ambao kila mmoja ana vivuli viwili. Korongo ni kubwa hata ukisimama kwa ukingo unaona wale wengine kama siafu. Na ni refu kwenda chini. Ukitupa jiwe, unaenda nyumbani, unapika, unakula, unaosha sufuria, halafu ndio unasikia limegonga. Mvua ikinyesha ndani yake haifiki chini. Inafika katikati, inachoka, inarudi juu.

"Inarudi juu namna gani?"

"Polepole, Mum. Si imechoka?"

Nikamuuliza swali ambalo mama yeyote wa kanisa letu angeuliza. "Na Mungu ako wapi huko?"

"Ako. Amewaambia wajenge daraja wenyewe, yeye atakuja kuangalia."

Hapo ndipo niliponaswa. Ningesema tuache, tuimbe wimbo, kama tunavyofanya siku zote. Badala yake nilijisikia nikisema, "Kamba ya kwanza itafikaje ng'ambo?"

Aliacha kuchuma akaniangalia juu ya majani. Sijui kama mnajua vile mtoto hukuangalia akigundua umeingia kwa mchezo wake kweli, si ile kuingia ya kumpendeza. Mimi sikuwa nimewahi kuangaliwa hivyo.

Tulijenga karibu hiyo likizo yote. Kulikuwa na ndege mkubwa kama ndama, mvivu, hapendi kitu ila chumvi. Binti yangu alitaka ndege apeleke uzi, lakini ndege hakuwa na sababu ya kuvuka, kwa sababu chumvi yote ilikuwa upande huu. Tulikwama hapo siku kadhaa. Nilikuwa nakamua ng'ombe nikifikiria ndege. Halafu siku moja nilikuwa nyuma ya nyumba napepeta maharagwe, nimeinua ungo juu, upepo unabeba maganda, na nikaona. Nilimwita kwa sauti mpaka kogo akatoka nje akidhani nimeumwa na nyoka.

"Wasage chumvi iwe laini kama unga," nilimwambia. "Wangoje ule upepo wa kabla ya mvua. Waipepete juu ya korongo. Ndege atafuata chumvi na ulimi nje, uzi ukiwa kwa mguu wake, mpaka ajikute ng'ambo."

"Mum!" Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mum, wewe ni mbaya!" Kwa watoto wa siku hizi hiyo ni sifa.

Uzi wenyewe ulikuwa wa nywele. Wazo hilo lilikuwa la binti yangu. Kila mama wa nchi hiyo alitoa unywele mmoja, na ilibidi autoe kwa moyo, kwa sababu uliotolewa kwa kununa ulikatika. Uzi ungevuta kamba nyembamba, kamba nyembamba ingevuta nene, na nene ingebeba mbao. Baba yao ni askari wa lango katika kiwanda cha majani, na siku moja alitukuta jikoni tukibishana kuhusu mbao. Akaweka kofia juu ya meza.

"Huko nako mmepata mheshimiwa wa kuahidi daraja?"

"Alikuja," binti yake akamjibu. "Tukamtupa kwa korongo."

"Ameumia?"

"Bado anaanguka. Tunamsikia tu, 'Watu wangu, watu wangu.'"

Mzee alicheka mpaka akakohoa chai.

Nilicheka pia, lakini ndani nilikuwa na kitu kinachonikwaruza. Jumapili moja pasta alikuwa anahubiri na mimi nilikuwa nafikiria ni mti gani unaweza kushika kamba nene bila kung'oka. Niliamka kutoka kwa hayo mawazo watu wakisema amina, na sikujua amina ya nini. Nikaomba msamaha papo hapo. Nikasema nitaacha. Jumatatu asubuhi tulipoingia shambani mimi ndiye niliyeanza: "Ndege amefika?"

Ndege alikuwa amefika. Aliyemshika mguu ng'ambo alikuwa mtoto wa kike, mwenye vivuli viwili kama wenzake. Alifungua uzi, akavuta, kamba nyembamba ikaja, akavuta tena, nene ikaja. Sasa ilibaki kuifunga. Lakini vivuli vyake vikaanza kugombana. Kimoja kinataka ifungwe kwa mti, kingine kinataka kwa jiwe, na huko mtu hawezi kufanya kitu vivuli vyake vikiwa havijakubaliana. Kwa hivyo mtoto alikuwa amesimama tu, ameishika kamba kwa mikono, daraja zima likimngoja.

"Ataishika mpaka lini?" niliuliza.

"Mpaka tujue."

Hapo ndipo tulipokuwa tumefika ile Alhamisi.

Alhamisi ni siku ya akina mama wa kanisa. Tunakutana nyumba kwa nyumba, tunaimba, tunaomba, mmoja anatoa Neno, halafu chai. Miaka yote mimi nilikuwa mtu wa kuomba na kuosha vikombe. Neno lilitolewa na wale waliosoma. Sikuwahi kulalamika, lakini nisiseme sikuwahi kutamani. Siku hiyo aliyekuwa atoe Neno alikuwa ameenda matanga Sigowet. Mwenyekiti wetu akazungusha macho kwa chumba, akasimama kwangu.

"Sister, leo Bwana amekuchagua wewe."

Bwana alikuwa hajaniambia. Nilisimama. Nilifungua Biblia na herufi zikaanza kutembea, kama zile siku za kwanza za ngumbaru. Mbele yangu alikaa mke wa mwalimu wa chuo, kalamu mkononi, tayari kuandika nitakayosema. Nilifunga Biblia. Mdomo wangu ukafunguka, na kitu cha kwanza kilichotoka ni hiki: "Mungu amenionyesha mfano."

Nikawasimulia lile korongo. Nikawasimulia jiwe linalochelewa kugonga, na mvua inayochoka njiani ikarudi juu. Walinyamaza vile sijawahi kusikia hao akina mama wakinyamaza. Hata mwenye nyumba aliacha kuhesabu vikombe. Ule unyamavu ulikuwa mtamu, na nitasema ukweli, niliunywa. Niliwaambia habari za watu waliojaribu kuruka wakaanguka, na waliojaribu kupiga kelele hawakusikika. Ndege sikumtaja, wala chumvi, wala nywele, kwa sababu hazingeingia mahali nilipokuwa naelekea. Mtoto aliyeshika kamba pia nilimpita. Nikainua mkono nikasema, "Akina mama, hilo korongo ni dhambi. Na hilo daraja ni Yesu."

Wakalipuka. Amina, haleluya, mtu akaanzisha wimbo. Na mlangoni, yule mama wa duka la senta, ambaye familia yake ilikuja zamani kutoka mkoa wa kati, akaanza kulia. Yeye hakuwa mmoja wetu. Alikuwa ameleta mkate tu, mwenye nyumba akamwambia aketi kidogo. Alilia na mkate bado umeshikwa kwa kifua. Kabla ya chai tulikuwa tumemwekea mikono na ameokoka.

Nilirudi nyumbani kama sikanyagi chini. Binti yangu alikuwa anakatia ng'ombe majani.

"Unajua nini?" nilimwambia. "Daraja letu limeokoa mtu!"

Akasimamisha panga. "Umewaambia?"

"Nimewaambia. Wamependa, hata mke wa mwalimu ameandika!"

"Ulisema daraja ni nini?"

"Nilisema ni Yesu."

Alifikiria. Huyu mtoto hasemi kitu kwa hasira. Ni afadhali angekuwa na hasira.

"Lakini Yesu hajengwi na sisi, Mum," akasema.

 Alikuwa na haki. Hata pasta asingempinga.

"Kwa hivyo haina haja tuendelee," akasema. "Yeye ashamaliza." Akarudi kukata majani.

Nilidhani ni ya siku moja. Kesho yake shambani nilingoja aanze, hakuanza. Nikaanza mimi. "Sasa huyo msichana, vivuli vyake vimekubaliana?" Akajibu, "Sijui, Mum," kwa adabu, vile anavyomjibu mgeni. Alichuma vizuri, hakuacha jani nyuma. Ilikuwa ile kimya niliyokuwa nikiitaka zamani, wakati nilipokuwa nikimwambia afunge mdomo tufanye kazi.

Na huko nje hadithi haikunyamaza. Ilifika kwa pasta. Ilifika kwa kituo cha kupimia majani, ambapo mama mmoja alimshika binti yangu kidevu akasema, "Ni huyu mtoto wa yule mama wa daraja? Mama yako ameonyeshwa, wewe!" Binti yangu alinitazama.  Zamu ya mizani ilikuwa inafika kwetu, nikajifanya nashughulika na gunia. Hiyo nayo najua niliifanya.

Halafu pasta akataka watoto wa Shule ya Jumapili nao wasikie, na akaona vizuri isemwe na mtoto wa nyumba hiyo hiyo. Nilimwambia binti yangu kama hataki, nitamwambia pasta. Akasema, "Nitasema tu." Mimi nilitaka kuamini hiyo "tu" haina kitu ndani.

Jumapili alisimama mbele, mikono nyuma, macho kwa ukuta, kama mtoto anayesema shairi la siku ya wazazi. "Kulikuwa na korongo," akasema. "Watu hawangeweza kuvuka. Korongo ni dhambi. Daraja ni Yesu. Asanteni." Ilichukua muda mfupi kuliko kufungua mwavuli. Watu wakapiga makofi kwa Yesu, na mwalimu wa watoto akampa pakiti ya biskuti. Alirudi kuketi karibu nami. Biskuti akampa mdogo wake.

Nilikaa pale na maneno yangu yakiwa yametoka kwa mdomo wake, makavu hivyo. Na kitu kilichonichoma si kwamba alisema vibaya. Alisema nilivyosema. Ni mimi nilikuwa nimetoa ndege, nimetoa chumvi, nimetoa kila kitu kilichokuwa na uhai, nikabakisha mbao ya kusimamia ili watu wanione. Na nikasema ni Mungu aliyenionyesha. Huo ndio ulikuwa uongo. Binti yangu alipokuwa akinijengea nchi ya watu wasio na kivuli, hakuna aliyedanganywa. Mimi nilidanganya chumba kizima cha watu wa Mungu, kwa jina lake.

Niliomba. Niliomba nikikamua, niliomba nikichuma, lakini kila nilipopiga magoti nilisikia kama naambiwa niende nikaseme pale nilipoanzia. Mimi si mtu wa kukimbia. Kama nimejua kitu ni haki nitakifanya hata nikitetemeka. Alhamisi iliyofuata, kabla ya wimbo wa kwanza, nikaomba nafasi.

"Akina mama," nikasema, "ile siku nilisema Mungu alinionyesha. Hakunionyesha. Ilikuwa hadithi ya mtoto wangu. Aliniambia tukichuma majani. Na daraja lake halikuwa Yesu. Lilikuwa daraja tu. Niliichukua bila kumwuliza, nikajivunia. Mnisamehe."

Nilingoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa minong'ono, au mwenyekiti aniambie nikae benchi mpaka nitubu vizuri. Mwenyekiti akasimama, macho yamejaa machozi.

"Mmesikia, wapendwa? Kwa midomo ya watoto! Mungu amepitia kwa mtoto mdogo shambani!"

"Amina!"

"Sio hivyo," nikasema.

"Ni unyenyekevu huo, sister! Yeye hata hajui ametumiwa!"

"Haleluya!"

Mke wa mwalimu alikuwa ameshatoa kalamu. Wakaimba. Nilisimama katikati ya huo wimbo kama mtu aliyerudisha kuku wa wenyewe, akapewa na yai juu. Nikaona nilichofanya hakirudi. Nilipokosea, walisema amina, na nilipotubu, walisema amina, na binti yangu sasa alikuwa amechukuliwa mara mbili.

Mama wa duka hakuwa ameimba. Tulipotoka alinifuata, tukashuka pamoja kwa barabara ya matope. Huyo nilimwogopa kuliko wote. Wengine walikuwa wameokoka kitambo, hata mfano ukiondolewa hawaanguki. Yeye alikuwa mpya.

"Jirani," akaniambia, "sasa mimi nirudi nilikotoka?"

"Hapana, jamani. Usiseme hivyo."

"Nakutania, wewe! Ona vile umekauka." Akanigonga bega. "Haiya, kwani ulifikiria niliokoka kwa sababu ya daraja?"

"Si ulilia nikisema ni Yesu?"

"Nililia mapema. Wewe hukuona kwa sababu ulikuwa umefunga macho unahubiri. Nililia pale uliposema mvua inafika katikati inachoka, inarudi juu." Aliruka dimbwi la matope. "Mimi tangu mzee wangu aende nimekuwa hivyo hivyo. Nikafikiria, kwani ni nani amemwambia huyu mambo yangu? Hiyo ya daraja hata sikusikia vizuri, nilikuwa natafuta kitambaa."

Nilisimama hapo barabarani. "Hiyo ya mvua ni ya mtoto," nikasema. "Mimi hata nilimbishia."

"Basi mwambie hiyo ya mvua ni kali. Mwambie mama wa duka amesema."

Nilimpata binti yangu kwa jiko anakoroga ugali, uso umegeuzwa kutoka kwa moshi. Nilimwambia yote. Nilimwambia nilisimama mbele ya akina mama nikasema haikuwa yangu wala haikuwa maono.

"Ulisema mbele yao daraja sio Yesu?" Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. "Mum! Si watasema umerudi nyuma?"

"Walisema haleluya."

Alijaribu kutocheka. Kona moja ya mdomo ikamkataa. Halafu nikamfikishia maneno ya mama wa duka, na nikaona kile nilichokuwa sijakiona tangu likizo, ule uso ukifunguka, ila haukufungukia kwangu.

"Alipenda ya mvua?"

"Alisema ni kali."

"Alisema hivyo, kali?"

"Hivyo hivyo."

Akageuza ugali, akaugeuza tena, akiwa anatabasamu na ukuta. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Nikajua hapo ndipo mahali pa kuomba, na nikaomba. "Nisamehe, mama." Sisi huwaita binti zetu hivyo tukitaka kuwabembeleza.

"Sawa, Mum."

"Na ukitaka, tunaweza kuendelea. Sitamwambia mtu."

Aliinua sufuria kutoka kwa moto akaiweka chini. "Najua hutasema," akasema. "Lakini nikianza, nitakuwa nafikiria utaitumia aje." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuambia mlango umevimba kwa mvua, haufunguki.

Nilikula huo ugali kwa shida. Siwezi kusema hakunisamehe, kwa sababu amenisamehe, na ananisalimu, na ananitania, na usiku tunaomba pamoja amenishika mkono. Lakini kusamehewa ni kitu kimoja na kuingizwa ni kingine. Kanisani sikuwa nimefundishwa hiyo tofauti. Nilidhani ukitubu unarudishwa mahali ulipokuwa.

Likizo ya Agosti mdogo wake alikuwa amekua kidogo, na kogo alikuwa anaumwa na miguu, kwa hivyo tukaja na huyo mdogo shambani. Tulimpa kikapu kidogo, na dada yake akamweka mstari wa karibu naye ili amwangalie asichume majani magumu. Mimi nilikuwa juu yao kwa mteremko, mistari michache mbali. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, aproni zetu za nailoni zikitoa maji kila tukigusa majani.

Nilisikia mdogo akisema, "Ndege mkubwa kama nini?"

Mikono yangu ilisimama yenyewe. Nikasikia jibu, lakini si maneno, sauti tu, ile sauti yake ya zamani inayopanda ikifika mahali pazuri. Mdogo akacheka akauliza kitu. Nilisogea mbele kichaka kimoja, halafu kingine, nikijiambia pale majani ni mengi zaidi. Kulikuwa na kitu nilichotaka kujua sana. Nilitaka kujua kama yule mtoto ng'ambo bado ameishika ile kamba, na kama mikono inamchoma, na kama kuna mtu ameenda kumsaidia. Nilikuwa nimembeba huyo mtoto miezi yote hiyo, na sikuwa na mtu wa kumwuliza.

Tawi likavunjika chini ya kiatu changu. Binti yangu mkubwa akainua macho, akaniona. Akanyamaza. Hakukasirika. Aliingiza mkono kwa majani akaendelea kuchuma, na mdogo akimvuta aproni, "Halafu? Halafu?" yeye akamwambia, "Ngoja kidogo."

Alikuwa anangoja mimi niondoke.

Nilibeba kikapu changu. Nilishuka chini kabisa, karibu na mto, kwa ile sehemu ambayo majani si mazuri na hakuna anayependa kuanzia huko. Nilipofika nikaona bado anaweza kudhani nasikiliza, kwa sababu ukungu ulikuwa umefunika katikati na hangeweza kuona nimeenda umbali gani. Kwa hivyo nikaanza kuimba. Niliimba wimbo wa ibada kwa sauti kubwa, sauti ambayo si nzuri na najua si nzuri, ili wajue mama yuko huku chini na masikio yake yamejaa. Nilipomaliza ubeti nilinyamaza kidogo kuvuta pumzi, na kule juu nikasikia mdogo akipiga kelele ya furaha, kitu kimetokea huko. Nikaanza ubeti mwingine haraka, kabla sijasikia ni nini.